Mguu wa Madumu ya Mawese

Mguu ulivunjika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, juu ya dagaa wa watu.

Telesphory alikuwa ameingia mwaloni Kibirizi bila magongo kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi aliokuwa akiutengeneza ulipoteleza kwenye magogo na kumsaga mguu wa kulia hata ukakatwa. Alipita katikati ya vichanja vya dagaa akisalimia watu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, huyu akimuuliza habari za watoto, yule habari za ziwa, maana fundi aliyekaa nyumbani mwaka mzima na miezi minne ana salamu nyingi za kutoa. Mara ukasikika mlio mkavu, ka! Fundi mzima wa mitumbwi akaenda chini pamoja na kichanja. Honorata, mkewe, alikuwa hatua tatu kando yake. Hakupiga yowe. Alitua kapu lake kwanza, akaliweka sawa lisimwagike, ndipo akamwendea.

"Dagaa wangu!" mwenye kichanja alipiga kelele. "Jamani, dagaa wangu! Nimewaanika tangu alfajiri!"

"Mtu ameanguka, mama," Honorata alisema.

"Namwona. Na dagaa je, wao hawakuanguka?"

Watu walikinyanyua kichanja, kisha wakamnyanyua Telesphory. Mguu wenyewe ulibaki mchangani, wa manjano, umekatika chini kidogo ya goti, mkato umenyooka kama wa msumeno. Mchuuzi mmoja aliuokota, akaugeuzageuza, akasema, "Kumbe ni kweli. Ni dumu." Kikapita kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya, kilikuwa cha watu wenye kazi zao waliopata burudani ya bure, lakini Telesphory aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka bodaboda ilipomfikisha kwake Buzebazeba.

*

Sasa tusimwonee mtu. Mguu ule haukuvunjika wenyewe.

Ulitengenezwa Katubuka, kwenye karakana ya mradi mmoja, ambako madumu ya manjano yaliyokwisha kazi ya kubebea mawese hukatwakatwa, husagwa, huyeyushwa na kuvutwa yawe uzi mnene. Kisha mashine moja isiyozidi ukubwa wa kabati hula uzi huo na kuulaza mstari juu ya mstari, taratibu, saa baada ya saa, mpaka kitu kinasimama. Mhandisi wake ni Aikande, binti wa Moshi aliyepangiwa kazi Kigoma na akaipenda kazi kuliko Kigoma. Waoshaji wa madumu walikuwa wawili, Shadia na Honorata.

Dumu la mawese si kitu cha kuoshwa kwa haraka. Mafuta yale hujificha ndani ya mkono wa dumu na pembeni mwa mdomo, na uzi wenye mafuta haushikani. Honorata aliosha kwa maji ya moto na majivu, akasuuza, akaosha kwa sabuni, akasuuza, halafu akaingiza pua mdomoni mwa dumu. Likinuka mawese, alianza upya. Shadia alikuwa akimcheka: "Mama Edina, unalisugua dumu kama unamwogesha bibi harusi."

Kwa hiyo mguu ule ulipita mikononi mwa mke kabla haujapita kwenye mashine, na Telesphory alilijua hilo na kujivunia. Aliweka saini kwenye karatasi ya masharti: asiuchonge, asiutoboe, asiupashe moto, autembelee siku kumi, kisha aurudishe ukaguliwe.

Siku ya sita alikaa barazani, akauvua, akaupitisha kidole polepole.

"Mama Edina, njoo uone. Huu umeachwa bila kalafati."

"Kalafati kwenye mguu?"

"Tazama mistari hii. Kila mstari ni ungio lisilozibwa. Asubuhi nimekanyaga maji pale bombani, mpaka sasa kuna unyevu ndani yake. Chombo kilichoungwa kikiachwa hivi kinakunywa maji kidogo kidogo, na siku kitakayokuangusha hutajua kwa nini."

"Injinia amesema usiguswe."

"Injinia ni mtoto mzuri, lakini hajawahi kuzamisha kitu. Mimi nimetia kalafati mitumbwi ya ziwa hili miaka ishirini na saba. Nipashie lami."

Alimpashia. Aliiyeyusha ndani ya kopo la maziwa ya unga, akatia mawese kidogo ilainike, kama alivyomwona akifanya maisha yake yote. Telesphory akachukua patasi butu na nyundo. Pamba haiingii kwenye ungio mpaka ungio lifunguliwe kidogo, la sivyo haina pa kukaa, jambo hilo kila fundi wa Kibirizi analijua. Akaifungua mistari mmoja baada ya mwingine kuzunguka chini ya goti, akasukumia pamba, akajaza lami, akafuta, akapaka juu yake rangi ya manjano iliyobaki kwenye mtumbwi wake wa mwisho, ipendeze. Alifanya kazi ile huku anapiga mluzi. Honorata hakuwa amesikia mluzi wake tangu ajali, na ndiyo maana hakusema neno. Mbao hufunguka, zikajazwa, zikavimba kwa maji na kubanana. Plastiki iliyoshikana kwa moto ikishafunguliwa imefunguka. Hakuna kati yao aliyelijua hilo.

*

Aikande alikuja mwenyewe Jumatano asubuhi kuuchukua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye."

"Mwakeye," Aikande aliitikia, na Kiha chake kikaishia hapo.

Telesphory alikuwa amelala kwenye mkeka, amejigeuzia ukutani. "Plastiki yenu dhaifu, binti," alisema bila kugeuka. "Ningekuwa juu ya maji sasa hivi mngekuwa mnanitafuta."

"Pole sana, mzee."

Aikande alikaa kwenye kigoda, akauweka ule mguu mapajani, akaukagua mkato wake kwa muda mrefu. Kwa ncha ya kucha akavuta kitu. Honorata, aliyekuwa akipeta mchele, alikiona: uzi wa pamba, mweusi kwa lami. Aikande aliutia mfukoni, akasimama.

"Mama, nisindikize kidogo."

Walikwenda mpaka barabarani. Hapo Aikande akautoa ule uzi.

"Hii ni pamba, mama."

"Ego. Ndiyo."

"Wewe ulijua?"

"Lami niliipasha mimi."

Aikande aliuviringisha ule uzi kwenye kidole, akauviringua. "Ijumaa msimamizi wetu anakuja kutoka Dodoma. Lazima fomu iandikwe sababu. Nikiandika kwamba mtumiaji ameufungua, mzee anatolewa kwenye orodha na hapewi mwingine. Nikiandika kwamba mashine imekosea, mashine inazimwa, na kuna watu tisa wanasubiri. Mmoja ni mtoto wa darasa la tatu."

"Na hakuna sababu nyingine?"

"Ipo ya malighafi. Kwamba madumu hayakuoshwa vizuri." Aliliongea hilo akitazama chini. "Hilo ni kosa la kurekebishika. Mzee anatengenezewa mwingine. Ila..."

"Ila mwoshaji anaondoka."

"Sijakwambia uchague hivyo, mama."

"Hujaniambia."

Machozi yalimlenga binti wa watu. Umri wake ulikuwa ule ule wa binti yake Edina, na Honorata alimwonea huruma, akamshika mkono, akamwonyesha pikipiki iliyokuwa inakuja asije akaikosa. Kwa nafsi yake mwenyewe hakuhisi kitu. Ganzi ilimwingia pale pale barabarani, na alirudi nyumbani akamalizia kupeta mchele.

Jioni alimsimulia mumewe yote, neno kwa neno, kama mtu anayeleta ujumbe wa jirani. Telesphory alikula ugali na mgebuka wake mpaka mwisho. Alichambua kichwa cha samaki, akafyonza mifupa, akaipanga pembeni mwa sahani.

"Kazi ya kuosha utapata popote," alisema hatimaye. "Mimi mguu nitaupata wapi?"

Lilikuwa neno la kweli, na kweli yake ndiyo iliyouma. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Honorata alingoja kama kuna neno lingine linalofuata, hata pole ya uongo. Likafuata: "Kuna maji ya kunawa?" Akamletea.

*

Msimamizi aliitwa Polycarp, na kwa bahati mbaya alikuwa mtu mpole. Mkali anarahisisha mambo, unamchukia, unaondoka. Huyu alimkaribisha kila mtu kiti, akamuuliza Telesphory kama kidonda kinauma, akaomba radhi kwa joto la chumba. Mguu uliovunjika ulikuwa mezani juu ya gazeti, mkato wake umefutwa ukafutika. Aikande alikuwa amekwisha kuung'oa ushahidi wote.

"Mzee, ulikuwa unautumia kawaida?"

"Kawaida tu, bosi. Natembea, nakaa, natembea."

"Hukuupasha moto? Hukuuchonga?"

"Mimi ni fundi, bosi. Naheshimu kazi ya fundi mwenzangu."

Honorata aliyasikia maneno hayo na akashangaa jinsi yalivyotoka laini.

"Haya. Madumu ya mguu huu aliyaosha nani?"

"Mimi," alisema.

"Unaoshaje, mama? Nieleze kama unanifundisha."

Alimweleza: maji ya moto, majivu, sabuni, kusuuza, pua. Polycarp aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Mbona hiyo ni njia nzuri kabisa. Basi ilikuwaje? Au kuna jambo jingine ambalo hatujaambiwa?" Akawatazama wote mmoja mmoja.

Telesphory alikuwa anatazama ncha za magongo yake. Aikande alikuwa anaandika, au anajifanya anaandika. Honorata alimpa mumewe pumzi tatu aseme mwenyewe. Alizivuta taratibu, moja, ya pili, ya tatu, na ile ya tatu aliishikilia kifuani kwa muda mrefu kuliko nyingine.

"Wiki ile nilikuwa naumwa," alisema. "Niliosha mara moja, sikurudia."

"Kwa hiyo yalibaki na mafuta."

"Yalibaki machafu."

Polycarp alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mama, samaki mmoja akioza wote wameoza. Hapa tunatengeneza viungo vya watu. Tena huyu ni mume wako! Kama hukumwonea huruma yeye, mgeni utamwonea?"

"Naelewa, baba."

"Inaniuma, lakini hatuwezi kuendelea na wewe."

"Naelewa."

Shadia alimkimbilia nje, mikono bado ina povu. "Mama Edina, mbona umejisingizia? Anayeosha mara moja ni mimi! Wewe unarudia mpaka unanichelewesha kwenda nyumbani!"

Honorata alichomoa glavu zake za mpira kiunoni, alikokuwa amezichomeka kwa mazoea, akampa. "Basi kuanzia leo rudia wewe."

Ndani, Telesphory alikuwa anapimwa goti kwa ajili ya mguu mpya.

*

Mguu wa pili ulitoka baada ya wiki tatu, wa manjano vilevile. Telesphory hakuutia hata tone la lami. Alirudi Kibirizi, akapiga goti chini ya mtumbwi kama zamani, na yule mwenye dagaa akawa wa kwanza kumpa hongera. Wateja wakarudi. Nyumbani migebuka ikarudi.

Honorata aliweka meza barazani auze mawese kwa chupa. Alikuwa muuzaji mzuri zamani, na mafuta yake yalikuwa yale yale. Wanawake walikuja, wakainua chupa, wakaitazama kwenye mwanga, wakaigeuza kutazama kitako chake, wakairudisha mezani kwa adabu. "Nitapita baadaye, Mama Edina." Kigoma si mji wa kuficha jambo. Linalosemwa Katubuka asubuhi, Ujiji linaliwa mchana. Mwizi husamehewa akirudisha, mlevi husamehewa akilevuka, lakini mwanamke aliyesemwa hajui kuosha vyombo, tena akakiri mwenyewe mbele ya wakubwa, huyo atasafishwa na nani? Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia vizuri, wakamwuliza habari za mguu wa mzee, wakaenda kununua mafuta kwa mwingine.

Wala hakulia. Alijaribu siku moja, akiwa peke yake jikoni, akakaa mkao wa kulia kabisa, machozi hayakuja. Akaondoka akaendelea na kazi.

Jumapili moja jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwa Catherine, mwenyekiti wao. Baada ya sala watu wakala wali na maharage, na baada ya wali Honorata akaenda kwenye beseni uani kuosha sahani, kama alivyofanya jumuiya zote za miaka yote. Aliosha, akasuuza, akazipanga zimefunikwa kwenye kichanja cha vyombo. Catherine akaja anatabasamu.

"Ahsante, Mama Edina. Umechoka, pumzika sasa."

Akazichukua sahani zote, akazirudisha kwenye beseni, akamwaga yale maji, akateka mengine, akaanza kuziosha upya. Hakuharakisha. Alisugua moja moja, mbele na nyuma, huku anaimba wimbo wa kutoa sadaka kwa sauti ya chini. Wanawake walitazama pembeni. Hapo Honorata alihisi kitu, baada ya wiki nyingi: aibu, ya moto, mpaka masikioni.

Telesphory alikuwa kwenye benchi na wanaume wenzake, amekunja suruali mguu wa kulia watu wauone, anaeleza habari za mbao. Aliziacha mbao katikati ya neno, akageukia beseni. Alikuwa ameona. Honorata alimtazama waziwazi, mikono yake inachuruzika maji, na safari hii hakuhesabu pumzi. Alingoja tu.

"Mwenyekiti," Telesphory aliita. Uwanja mzima ukageuka.

"Naam, fundi."

Telesphory alikunjua suruali mguuni. "Wali wako leo... wali wako mtamu sana."

"Karibu tena, fundi."

*

Walirudi nyumbani jua bado liko juu. Telesphory alitangulia. Alikuwa anatembea vizuri, hatua ndefu, hata kuchechemea kulikuwa kumepungua, na kwa mara ya kwanza tangu ajali Honorata ndiye aliyebaki nyuma. Wakati ule anamlisha kitandani aliwahi kumwomba Mungu aione siku kama hii. Sasa siku ilikuwa mbele yake, ina suruali ya kitenge na kofia, na aliitafuta furaha yake hakuipata.

Barazani Telesphory aliketi kwenye kigoda, akauvua mguu, akaupiga kwenye kizingiti vumbi litoke. Kila jioni ni Honorata aliyekuwa akiuosha, maana jasho likilala ndani yake hutoa vipele.

"Niletee maji, Mama Edina. Huu leo umejaa vumbi."

Alileta beseni. Alileta maji ya moto, majivu kwenye kopo, kipande cha sabuni na dodoki. Akavipanga mbele ya kigoda cha mumewe, halafu akaenda kukaa mlangoni, mikono mapajani.

Telesphory alilitazama beseni, akamtazama yeye. "Haya."

"Haya nini?"

"Si uoshe?"

"Mimi sijui kuosha."

Telesphory alingoja mkewe acheke, apate na yeye pa kuchekea. Honorata hakucheka. Ng'ambo ya uzio majirani wawili walikuwa wanachambua maharage, na mazungumzo yao yalikuwa yamekatika. Telesphory alikunja mikono ya shati, akajikohoza, akautia mguu majini. Aliusugua harakaharaka kama anavyoosha mtu asiyewahi kuosha, juu juu, akaukung'uta maji na kuuegemeza ukutani.

"Tayari," alisema kwa sauti ndogo.

Honorata aliinuka, akauchukua. Aliugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mistari yake, kisha akaingiza pua ndani ya tundu la goti, akavuta pumzi kama alivyokuwa akifanya kwenye midomo ya madumu. Akaurudisha kwenye beseni.

"Rudia," alisema.